Profesa
Profesa ni cheo cha juu kabisa cha ualimu wa chuo kikuu. Neno liliingia Kiswahili kutoka Kiingereza, nalo asili yake ni Kilatini *profiteri*, yaani kutangaza au kukiri hadharani: profesa alikuwa mtu aliyejitokeza mbele za watu na kudai ujuzi wa fani fulani.

Uprofesa si shahada. Shahada ya uzamivu humpa mtu jina la daktari, na hapo wengi huchanganya. Uprofesa ni wadhifa unaotolewa na chuo baada ya kupima utafiti, machapisho, ufundishaji na usimamizi wa wanafunzi. Nchini Kenya ngazi hupanda kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi, kisha profesa mshiriki, ndipo profesa kamili. Safari hiyo ni ndefu, na heshima yake ni ya haki.

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, cheo hiki kimevuka ukumbi wa mihadhara kikaingia siasa. Profesa Jonathan Ng'eno alikuwa Spika wa Bunge mapema miaka ya 1990. Profesa Paul Chepkwony alikuwa gavana wa kwanza wa Kericho, 2013 hadi 2022. Huko Bomet, Profesa Hillary Barchok alishika ugavana mwaka 2019 kufuatia kifo cha gavana Dkt. Joyce Laboso, ambaye naye aliwahi kuwa mhadhiri. Kericho pia ina chuo kikuu chake: Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichozungukwa na mashamba ya chai, kilipata hati yake ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013.