Vuguvugu

Maji yasiyo baridi wala moto ni maji ya vuguvugu. Neno hilohilo tunalitumia kwa umma unaoanza kuchemka: vuguvugu la kudai uhuru. Kwenye nyumba za wageni za Mikumi na Kilosa maana hizo mbili zinaweza kukutana ndani ya bomba.

Bakteria aina ya lejionela hustawi kwenye maji ya nyuzijoto 20 hadi 45, na tangi jeusi juu ya paa hufika huko bila hita. Jina lao linatokana na wanachama wa American Legion, waliougua nimonia baada ya mkutano wao hotelini Philadelphia mwaka 1976. Maradhi huingia hasa kwa kuvuta pumzi yenye matone madogo mno ya shawa.

Kwa hiyo hita itunze maji kwa nyuzi 60. Masika, wageni wakipungua, mabomba ya vyumba vitupu yafunguliwe kila wiki. Hili ndilo ninalolisisitiza zaidi, maana maji yaliyolala hayana rangi ya kututahadharisha. Sampuli ya maji ikifika maabara, kuotesha bakteria huweza kuchukua siku 10.