Ritifaa ya T'Challa

Mnamo Julai 1966, katika toleo la 52 la jarida la katuni la Fantastic Four, mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby waliwaletea wasomaji wa Marekani mfalme wa Kiafrika aliyevaa vazi la chui mweusi, bingwa wa sayansi, mwenye nchi iliyojaa madini yasiyopatikana kwingine duniani, asiyemwinamia mgeni yeyote. Wakamwita T'Challa, na nchi yake Wakanda. Mengi yameandikwa kuhusu rangi ya mfalme huyo, nayo yalistahili kuandikwa, kwani ndiye shujaa mweusi wa kwanza mwenye nguvu za ajabu katika majarida makubwa ya huko. Mimi nataka kuzungumzia kile kialama kilicho kati ya T na C.

Sisi wenye Kiswahili tunaifahamu ritifaa kwa kazi zake. Katika tahajia sanifu inatenga ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma, na asiyeiheshimu atamfanya mkulima aliyekwenda shambani kung'oa magugu aonekane amekwenda kulia ngoa. Katika ushairi inaonyesha silabi iliyomezwa kwa ajili ya mizani, pale mshairi anapoandika n'takwenda badala ya nitakwenda. Katika T'Challa haifanyi mojawapo ya hayo. Hakuna silabi iliyomezwa, wala hakuna sauti mbili zinazohitaji kutengwa. Imewekwa pale kama pambo, imwashirie msomaji wa Marekani kwamba jina hili limetoka mbali.

Desturi hiyo haikuanza na Lee. Katika vitabu vya wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19 tunakuta M' na N' zikibandikwa mbele ya majina ya watu na miji ya bara. Ulimi wa mwandishi ulikwama penye mb, nd au mt, naye akaandika kule kukwama kwake kana kwamba ni sehemu ya jina. Waandishi wa katuni walirithi mkwamo huo, wakauzidisha: T'Chaka, N'Jadaka, M'Baku, N'Dare. Jaribu kulitamka la mwisho kwa kinywa kilichozoea ndege, ndoto na ndugu, uone kama kuna pengo lolote kati ya n na d.

Lakini tuwatendee haki watu wale, maana waliyoyakuta yalikuwa mabaya zaidi. Tarzan, aliyebuniwa na Edgar Rice Burroughs mwaka 1912, alikuwa mtoto wa Kiingereza aliyeitawala misitu ya Afrika kwa sababu tu alizaliwa kwa wazazi wa namna fulani. Na filamu zake za miaka ya 1930 zilitunga neno “Ungawa”, ambalo si la lugha yoyote, likatumika kuwaamrisha wanyama na watu vilevile. Mwaka 1947, huko Philadelphia, mwandishi wa habari mweusi Orrin C. Evans alitoa jarida la All-Negro Comics, lililoandikwa na kuchorwa na watu weusi watupu. Ndani yake alikuwamo Lion Man, mwanasayansi aliyetumwa na Umoja wa Mataifa kulinda mlima wenye urani katika Gold Coast, miaka kumi kabla nchi hiyo haijawa Ghana. Mlima wa madini, mlinzi mweusi msomi, wageni wenye tamaa: mbegu ya Wakanda imo humo. Jarida lilitoka toleo moja tu, kwa kuwa Evans alikosa wa kumuuzia karatasi za toleo la pili. Hata T'Challa mwenyewe, alipopewa hadithi zake mwaka 1973, alipewa ndani ya jarida la Jungle Action, ambalo matoleo yake ya mwanzo yalikuwa yakichapisha upya hadithi za Wazungu watawala wa misitu.

Sasa nije kwenye majina yaliyotoka kwetu, maana yapo. La kwanza ni la Ororo Munroe, aitwaye Storm, aliyebuniwa mwaka 1975 na Len Wein na Dave Cockrum. Baba yake ni Mmarekani mweusi mpiga picha za magazeti, mama yake binti mfalme kutoka Kenya. Wazazi wakafa Cairo katika vita vya Suez, mtoto akalelewa na wezi wa mjini, akatembea hadi Afrika Mashariki, na huko watu wakamsujudia kama mungu wa mvua. Vitabu vya katuni vinasema kwamba jina lake maana yake ni uzuri. Kamusi zetu zinalo neno hilo, ila maana yake si hiyo hasa: ‑ororo ni laini, kama tusemavyo ngozi nyororo au sauti nyororo. Tena limeandikwa na kistari mbele, kwa kuwa kivumishi cha namna hiyo hakisimami bila kiambishi. Mtu huwa mwororo. Binti huyo amekwenda duniani miaka hamsini akiwa mzizi usio na ngeli.

Ndivyo alivyo Zuri pia, mzee mlinzi wa mila za Wakanda, ambaye kwa sarufi alipaswa kuwa Mzuri. Katika filamu ya 2018 aliigizwa na Forest Whitaker, yuleyule aliyejifunza Kiswahili ili amwigize Idi Amin katika filamu ya 2006, na sidhani kama jambo hilo lilimpita bila kutabasamu. Jabari, jina la watu wa milimani, limetokea vizuri zaidi, kwa kuwa ni neno kamili, lililotujia kwa njia ya Kiarabu, lenye maana ya shujaa asiyeogopa. Na Wakanda yenyewe, kwa sikio letu, ni watu. Nchi yao ingefaa iitwe Ukanda, kama ilivyo Uganda ya Waganda. Haya ni ya kuchekesha, lakini yanaonyesha jinsi Afrika ilivyoingizwa katika hadithi hizo: neno linachukuliwa, sarufi inaachwa.

Filamu zilipoanza kushika nafasi ya majarida, kazi ya kubadilisha wahusika ilianzia kwenye sura. Nick Fury, askari Mzungu tangu 1963, alichorwa upya mwaka 2002 kwa sura ya Samuel L. Jackson, naye Jackson akaja kumwigiza kuanzia 2008. Mwaka 2011 Idris Elba, ambaye wazazi wake ni wa Sierra Leone na Ghana, alimwigiza Heimdall, mungu ambaye maandiko ya kale ya Iceland yanamwita mungu mweupe, na wako waliopiga kelele. Mabadiliko mengine yalikwenda upande wa pili: mzee wa Kitibeti katika hadithi za Doctor Strange aligeuka mwanamke Mzungu, Tilda Swinton, mwaka 2016. Mabishano ya namna hii hayanishughulishi sana. Mwigizaji hodari huvaa sura yoyote, na Heimdall wa Elba hakuhitaji kusema chochote cha Afrika ili awe Heimdall.

Kwa Ororo mambo ni tofauti, kwa sababu asili yake ndiyo hadithi yake. Halle Berry alipomwigiza mara ya kwanza, katika X-Men ya mwaka 2000, alijaribu kidogo lafudhi ya Kiafrika. Filamu ya 2003 ilipotoka, lafudhi ilikuwa imekwisha kutoweka, na hapakuwa na maelezo. Mwaka 2016 Alexandra Shipp alimrudisha akiwa msichana mwizi katika mitaa ya Cairo, na Kenya ikabaki nje ya hadithi. Wala hakukutana na T'Challa, ingawa vitabu vya katuni viliwaoza mwaka 2006, kwa sababu haki za filamu zao zilikuwa mikononi mwa kampuni mbili tofauti hadi 2019. Kwa hiyo mhusika mwenye jina la karibu zaidi na Kiswahili hajapata hata sentensi moja ya lugha hiyo katika filamu hizo.

Wala sisikitiki kwamba yale masujudu ya mvua hayakuonyeshwa. Mwenye mvua katika Afrika Mashariki hakuwa mungu. Mtemi wa Unyamwezi au Usukuma alidaiwa mvua na watu wake kama mtu anavyodaiwa deni, na ikikosekana angeweza kuondolewa. Ukoo wa Nganyi huko magharibi mwa Kenya umeendelea na elimu yake ya mvua hadi kushirikiana na wataalamu wa hali ya hewa wa serikali. Katika hayo mna hadithi kubwa kuliko ya msichana anayeabudiwa.

Badiliko ninalolithamini kuliko yote lilitokea mwaka 2016, katika filamu ya Captain America: Civil War, ambayo haikumhusu hata Mwafrika mmoja kwa jina lake. John Kani, mwigizaji mkongwe wa jukwaa wa Afrika Kusini, mmoja wa watunzi wa tamthilia ya Sizwe Banzi Is Dead, alipewa nafasi ya T'Chaka, baba wa T'Challa. Kani ameeleza mwenyewe hadharani kwamba aliuliza kwa nini baba na mwana wa Kiafrika, wakiwa peke yao, wazungumze Kiingereza. Akatumia Kixhosa, lugha ya mama yake, na Chadwick Boseman akajifunza kumjibu. Jibu hilo fupi la mwana kwa baba ndilo lililoifanya Kixhosa kuwa lugha ya Wakanda katika filamu zilizofuata. Boseman naye alisimama imara kwamba mfalme wa nchi isiyowahi kutawaliwa hana sababu ya kuzungumza Kiingereza cha London wala cha New York.

Wapo wenzangu katika lugha wanaolalamika kwamba Wakanda, ambayo vitabu huiweka Afrika Mashariki, ingefaa kusema Kiswahili. Ramani iko upande wao. Hata hivyo Kixhosa kiliingia kwa sababu alikuwapo mtu aliyekiota kinywani, akauliza swali, na hakuomba ruhusa ya ramani. Kiswahili kilikuwa na maneno yake mle tangu 1975, na hakuna aliyeyasemea. Zaidi ya hapo, Mxhosa akiliandika jina la mfalme kwa tahajia yake angeweka tsh, bila ritifaa yoyote. Lugha ya kweli ilipoingia, lile pambo likabaki limening'inia peke yake.

Filamu ya Black Panther ya Ryan Coogler ilipotoka Februari 2018, mengine yalirekebishwa. M'Baku, aliyebuniwa mwaka 1969, alikuwa na jina la pili lililomwita mtu-nyani. Coogler na wenzake walilitupa. Winston Duke akatupatia kiongozi mwenye mzaha na busara, ambaye watu wake hawali nyama. Jina lenyewe linawafaa washairi kwa zoezi: je, lina mizani ngapi? Ikiwa m yake ni ya mbunge ni tatu, ikiwa ni ya mbuzi ni mbili. Katika filamu wanaitamka kama ya mbunge, na nakiri kwamba hapo, kwa bahati, ritifaa ya mapambo imefanya kazi.

Filamu ya pili, ya 2022, ilitengenezwa baada ya Boseman kufariki mwaka 2020, na ililifikisha jambo hili mbali zaidi. Namor, aliyebuniwa na Bill Everett mwaka 1939, alikuwa mfalme wa Atlantis, na jina lake ni neno Roman lililosomwa kinyumenyume. Coogler alimhamishia kwa Wamaya. Akaigizwa na Tenoch Huerta wa Mexico, watu wake wakasema Kimaya cha Yucatán, lugha ambayo ingali hai, na jina likapewa chimbuko jipya: kasisi wa Kihispania alimlaani kuwa mtoto “sin amor”, asiye na upendo. Herufi ni zilezile. Mchezo wa maneno wa mchoraji umegeuka kumbukumbu ya ukoloni, na mwenye jina amelichukua tusi akalivaa.

Wapenzi wa tenzi watamkumbuka Fumo Liyongo gerezani. Shujaa huyo hakudhurika kwa silaha ila sindano ya shaba kitovuni, lakini kilichomfungua si nguvu zake. Aliimba, na mtumwa wake Saada akaelewa ujumbe wa kumpelekea mama, wa mkate wenye tupa ndani, huku walinzi wakisikia wimbo tu. Kwa wazee waliotunga na kusimulia hadithi hiyo, shujaa asiye na lugha yake asingetoka gerezani.

Katika filamu zote mbili za Wakanda yumo pia mwigizaji wa Kenya ambaye ritifaa yake ni ya halali. Jina la Lupita Nyong'o ni la Kijaluo, na alama ile inafanya kazi ileile inayofanya katika ng'ombe. Magazeti ya nje mara nyingi huiacha, au huisoma kama haipo, na mwanamke huyo anageuka nyongo. Vijana wetu nao wameanza kuandika ngombe na ngoa katika simu zao, kwa kuwa kuitafuta alama ile kwenye kibodi ni usumbufu, huku baadhi yao wakijipachika T' na N' katika majina yao ya utunzi.

Ororo atarudi katika filamu siku moja, bila shaka na mwigizaji mpya. Atakayemwandikia maneno yake asisahau kwamba jina lake la ushujaa, kwa Kiswahili, ni Dhoruba. Mwororo aitwaye Dhoruba: hapo pana kina cha kuanzia shairi, na ritifaa haihitajiki.