Shrapneli: Marisau au Vipande vya Bomu?

Barabara ipitayo Bisil, Kenya, kwenda Namanga huvuka mpaka na kufika Longido, Tanzania. Tarehe 3 Novemba 1914 Waingereza waliushambulia mlima wa Longido, uliokuwa mikononi mwa Wajerumani, wakashindwa wakarudi nyuma. Enzi hizo shrapneli lilikuwa kombora la kawaida la mizinga ya Waingereza. Leo neno hilo lina maana nyingine, na mfasiri asiyetenganisha maana hizo mbili humpotosha msomaji.

Asili yake ni jina la mtu. Henry Shrapnel, ofisa wa mizinga wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1761, alichukua tufe la chuma lenye uwazi ndani, akalijaza risasi za mviringo na baruti kidogo. Utambi ulipimwa ili tufe lipasuke hewani kabla ya kumfikia adui. Jeshi la Uingereza liliikubali silaha hiyo mwaka 1803. Kazi ya baruti ilikuwa kulipasua tufe tu. Risasi zilisonga mbele kwa kasi ya kombora lenyewe. Kiswahili huziita risasi ndogondogo marisau, basi hilo ni kombora la marisau.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia yalitawala makombora yenye kilipuzi kikali, kinachorarua ganda na kutawanya vyuma vyenye ncha kila upande. Vyuma hivyo vikarithi jina la shrapneli, ingawa marisau hayamo tena.

Tuviiteje? Vigae ni vipande vya chungu kilichovunjika, lakini msomaji wa leo huwaza vile vya paa la nyumba. Vibanzi hutoka kwenye mti uliopasuliwa, na nchini Kenya ni viazi vya kukaanga. Vipande vya bomu ndilo jina linaloeleweka na kila mtu, tena hutaja chanzo chake. Lakini si kila kinachorushwa na mlipuko ni kipande cha bomu: vioo vilivyowapofua watu Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa kwa bomu, vilitoka madirishani. Hivyo ni vipande vya vioo.

Usahihi huu una uzito kwa wafugaji. Mwaka 2002 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia Wamaasai na Wasamburu walioathiriwa na mabomu yaliyoachwa kwenye maeneo ya mazoezi ya kijeshi, Dol Dol na Archer's Post. Onyo la malishoni liseme wazi: penye vipande vya bomu huenda pana bomu zima ambalo halijalipuka. Usiliguse, ondoa watoto na mifugo, kisha uwaarifu polisi.