Chuchunge na Tundu la Wavu

Msomaji, ukipata kusimama katika soko la samaki la Malindi au Lamu, mtazame chuchunge. Ni samaki mwembamba, mrefu. Taya lake la chini limechongoka mbele mfano wa sindano, na la juu ni fupi. Chuchunge wa kwetu wana jamaa zao katika bahari nyingi. Nataka nikupe habari za mmoja, akaaye pwani ya mashariki ya Australia, maana yaliyompata yanamhusu kila mtu alaye samaki.

Wataalamu humwita Hyporhamphus australis, jina alilopewa mwaka 1866. Huenda makundi makundi karibu na uso wa maji, kando ya fukwe na midomo ya ghuba. Kwa kuwa hupenda kukaribia nchi kavu, ni rahisi kumwona, na ni rahisi vile vile kumzingira.

Katika jimbo la New South Wales huvuliwa na watu wa namna mbili. Wa kwanza ni wavuvi wa biashara, ambao hulizungusha wavu kundi zima na kulivuta. Wa pili ni wale wavuao kwa burudani: hukaa gatini, wakatupa makombo ya mkate majini, wakangoja na ndoana ndogo. Samaki wengine huwala, na wengine huwafanya chambo cha samaki wakubwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wavuvi wa biashara walipata zaidi ya tani 200 kwa mwaka. Kabla ya miaka kumi kwisha, hawakufikisha hata tani 50. Je, samaki walihama? La. Nyavu zilikuwa na matundu madogo, zikazoa wachanga pamoja na wakubwa, hata wengi wa waliovuliwa walikuwa hawajatimiza miaka miwili. Samaki akivuliwa kabla ya kuzaa vya kutosha, ni nani atakayejaza mahali pake?

Basi likawa shauri gumu. Mvuvi ana watoto wa kulisha leo. Kumwambia awaache samaki wapite ni kumwambia apokee fedha pungufu. Lakini bila kufanya hivyo, kesho asingekuwa na cha kuvua. Mwaka 2006 sheria iliamuru matundu yapanuliwe hadi milimita 28, ili wadogo wapenye. Wavuvi wa burudani nao wana idadi ya samaki wasiyoruhusiwa kuizidi. Miaka ilipopita, samaki wakubwa wakaanza kuonekana tena, na chuchunge huyo akaondolewa katika hesabu ya samaki waliovuliwa kupita kiasi.

Usidhani kwamba jambo hili ni la ugenini tu. Hapa Kenya juya lilipigwa marufuku mwaka 2001, maana nalo huzoa wachanga na kuharibu makao yao. Wako waliolalamika, wala malalamiko yao hayakuwa ya bure, kwani njaa haingoji samaki akue. Lakini wazee wetu walisema kwamba mtaka yote hukosa yote. Ukisikia watu wakibishana juu ya uvuvi, uliza kwanza: tundu la wavu lina upana gani, na ni samaki gani anayeweza kupita?