Moto wa Nyika: Nani Huamua Uwashwe Lini?

Kila kiangazi mjadala wa moto wa nyika hurudi na lawama zilezile: mwanakijiji ni mharibifu, serikali ni mlinzi. Historia yetu haiungi mkono mgawanyo huo.

Kabla ya ukoloni moto ulikuwa zana. Wafugaji wa Kimaasai walichoma malisho makavu ili kuua kupe na kuotesha nyasi changa. Wakulima walifyeka na kuchoma ili kupata mashamba mapya. Sheria ya misitu ya Wajerumani ya mwaka 1904 iliiwezesha dola kutenga misitu ya akiba, na ndani ya mipaka hiyo zana ya jana ikawa kosa.

Hata hivyo, wakoloni hawakuuchukia moto wenyewe. Katika miaka ya 1920, chini ya Waingereza, C. F. M. Swynnerton, mkuu wa idara ya wanyamapori Tanganyika, alishirikiana na machifu wa Shinyanga kuzuia nyasi zisichomwe mapema, kisha zichomwe kwa pamoja mwishoni mwa kiangazi, ili moto mkali uteketeze vichaka vilivyowahifadhi mbung'o. Kitendo kilichokuwa kosa msituni kikawa wajibu nyikani. Kilichotofautiana ni aliyetoa amri.

Mwaka 1959 Wamaasai waliondolewa Serengeti. Leo wahifadhi wenyewe huchoma nyasi humo mapema, kabla hazijakauka kabisa, ili moto mdogo uzuie mkubwa. Hoja yao ni sahihi, lakini kuchoma kwa majira si elimu iliyoletwa na hifadhi.

Sisemi kwamba kila moto ni halali. Moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020 ulitosha kutuonya, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadhibiti uchomaji kwa sababu za msingi. Ninachohoji ni nani anayeandika kanuni. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Uwezo huo hubaki jina tu pale kijiji kinapoletewa rasimu iliyokwisha kuandikwa na kutakiwa kugonga muhuri.

Mwezi upi ni salama kuchoma? Upepo huvuma kutoka wapi? Jirani ajulishwe vipi, na nani asimamie hadi makaa yazimike? Mtumishi wa umma anayeandaa sheria ndogo aanze kwa kuyauliza maswali hayo mkutanoni, kabla ya kutaja faini.