Kutangulia

Kwenye treni ya MARC, jimboni Maryland, Marekani, ukipandia kituo cha Riverdale kwenda Washington, hukosi mtu aliyezama katika riwaya nene yenye namba ya mfululizo mgongoni. Namba hiyo ndiyo chanzo cha ugomvi. Kitabu gani kinatangulia?

Kiswahili hakisaidii sana hapa, maana kutangulia kuna sura mbili: kuchapishwa mapema, na kuhusu mambo yaliyotokea mapema. Mchukue Octavia Butler, mwandishi Mmarekani mweusi aliyebuni ukoo wa watu wenye nguvu za akili. Patternmaster ilitoka 1976, nayo ndiyo mwisho wa hadithi. Wild Seed ilitoka 1980, lakini inaanzia Afrika Magharibi mwaka 1690, kwa Anyanwu, mwanamke mganga aliyeishi karne tatu na anayejigeuza umbo atakavyo. Ipi imeitangulia nyingine? Zote mbili!

Ndiyo maana napendelea kusema “iliyotoka kwanza” na “inayoanza kwanza”. Maneno marefu, lakini ubishi unakwisha. Kwa Butler naanza na Anyanwu bila kusita. Ukishamjua yeye, huo mwisho unauma zaidi.

Kwa Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, fuata miaka tu: Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, kisha Kisima cha Giningi. Kila kesi inajitegemea, hata ukiruka hupotei. Mfululizo wa namna hiyo, kwa kweli, haufululizi.