Chenji Iliyobebwa Mdomoni

Mwaka 422 KK Aristophanes aliwaonyesha watu wa Athens mchezo wake wa Nyigu. Humo yumo mzee wa baraza la mahakama anayemlalamikia mwenzake. Siku hiyo wawili hao walilipwa drakma moja kwa pamoja, oboli tatu kwa kila mmoja, na mwenzake akaenda kuivunja sokoni kwa wauza samaki. Aliporudi akampa mzee magamba matatu ya mkizi. Mzee akayatia mdomoni akidhani ni fedha, shombo ikampanda puani, akayatema.

Ili uucheke mkasa huo sharti ujue kwamba Mgiriki wa kale aliweka chenji yake mdomoni, baina ya fizi na shavu. Theophrastus, aliyeandika karne iliyofuata, anamtaja mkopeshaji mmoja asiye na haya anayezunguka madukani kukusanya riba na kuisukumia shavuni. Ujue pia kwamba sarafu zenyewe zilikuwa ndogo kiasi cha mtu mzima kuhadaiwa na gamba la samaki. Mimi hilo naliamini bila taabu, kwa sababu ndizo ninazozikusanya.

Ni sonara, mtoto wa sonara wa Mji Mkongwe, na kwa miaka mingi sasa meza yangu ya kazi iko London. Marehemu baba alipima kwa tola. Kila jioni tuliifagia meza, na vumbi la tupa tukalihifadhi chupani hadi siku ya kuyeyusha, maana vumbi la fedha nalo ni mali. Mtu aliyelelewa hivyo akiwekewa kiganjani robo ya oboli, cha kwanza anachokiona ni kazi ya mikono iliyopita hapo.

Kipimo cha Athens kilikuwa hivi. Drakma moja ilikuwa na uzito wa kama gramu 4.3, ikagawanywa oboli sita. Oboli ikawa gramu 0.72, nusu yake 0.36, robo yake 0.18, kitu cha ukubwa wa punje ya adesi. Miji ya Ionia, ng'ambo ya bahari, katika pwani ambayo leo ni ya Uturuki, ilishuka chini zaidi, hadi sarafu zisizofika hata gramu 0.1. Tola moja ya fedha ya baba ingetoa oboli 16 za Athens, au robo 64. Na kila moja ya hizo robo ilipaswa kukatwa, kupimwa, kulazwa juu ya muhuri na kupigwa nyundo. Tetradrakma, ile sarafu kubwa yenye bundi ambayo kila mtu anaijua kwenye picha, ina fedha ya gramu 17.2 na inakamilika kwa mapigo machache. Fedha hiyohiyo ukiigeuza robo za oboli unapata vipande 96, na kazi mara 96. Fundi yeyote atakwambia kwamba hapo gharama inakwenda kwenye muda. Mji haukujiingiza katika usumbufu huo kwa mapambo. Kulikuwa na watu waliozihitaji sarafu hizo kila asubuhi, kununua mboga, mafuta ya kutia katika taa ya udongo, samaki wa fungu.

Wataalamu wenyewe walichelewa kulikubali jambo hilo. Mwaka 1964 Colin Kraay wa Oxford, mmoja wa wajuzi wakubwa wa sarafu za Kigiriki, aliandika kwamba sarafu za mwanzo hazikutengenezwa kwa ajili ya soko, kwa kuwa zile ndogo zilikuwa adimu mno. Kwa maoni yake zilikuwa fedha za dola: mishahara, faini, kodi, ujenzi. Ushahidi wa siku zile ulikuwa upande wake, kwa sababu hazina zilizofukuliwa zilijaa sarafu kubwa. Lakini hebu fikiri ni nani anayefukia fedha. Mwenye akiba hufukia kubwa. Chenji hudondoka mojamoja penye vumbi la sokoni, na sepeto la mchimbaji halioni kipande cha milimita sita. Inataka chekeche la matundu madogo na mtu mwenye subira. Kuanzia miaka ya 1970, mashine za kutafuta vyuma ardhini zilipoenea, sarafu ndogo zikaanza kutoka kwa maelfu, na hoja ya Kraay ikalegea. Hata kabla ya hapo dalili zilikuwapo. Mwaka 1867 huko Auriol, karibu na Marseille, ilipatikana hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, mji wa Marseille wenyewe ukiwa koloni la Wagiriki waliotoka Phocaea.

Hazina ninayoirudia mara nyingi kuliko zote ni ya Colophon, mmoja wa miji ile ya Ionia, iliyochapishwa mwaka 2008 na Henry Kim na John Kroll. Ina sarafu zaidi ya 900, zote ndogo kabisa, na pamoja nazo vipande vya fedha isiyopigwa muhuri. Sonara akiutazama mchanganyiko huo anaona mizani. Vipande visivyo na muhuri lazima vipimwe kila vinapobadili mkono. Sarafu ndogo imekwisha kupimwa na mji, unaihesabu tu. Naamini hapo ndipo mchuuzi alipoipenda.

Namna ya kuzitambua nitaieleza kwa mfano. Kwanza mizani, inayosoma hadi sehemu ya elfu ya gramu. Halafu lenzi, na taa inayomulika kutoka ubavuni, maana mwanga wa juu unafuta kila kitu. Watu hukimbilia kutazama kichwa kilichochongwa mbele. Mimi huanza na mgongo. Sarafu za zamani nyuma zina mraba uliobonyea, alama ya muhuri wa juu uliopigwa nyundo, na umbo la mraba huo mara nyingi linataja mji na wakati mapema kuliko picha. Katika sarafu za Colophon za karne ya 5 KK, mbele kuna kichwa cha Apollo, na ndani ya mraba kuna herufi mbili zilizoungana, T na E, mwanzo wa jina la robo ya oboli kwa Kigiriki. Kwenye nusu kuna H na M. Sarafu yenyewe inakutajia thamani yake, katika nafasi ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Athens ya karne ya 4 KK ilitumia picha: oboli mbili zina bundi mwenye miili miwili na kichwa kimoja, robo tatu za oboli zina hilali tatu, robo moja ina hilali moja. Hata asiyejua kusoma aliweza kulipwa sawasawa.

Cyzicus, kwenye Bahari ya Marmara, waliishi kwa jodari, na samaki huyo wakamweka kwenye sarafu zao. Oboli yao ina nusu ya mbele ya nguruwe mwitu anayekimbia, na nyuma ya bega lake jodari amesimama wima. Upande wa pili kuna kichwa cha simba. Kwa kuwa kipande ni kidogo na kilipigwa kwa haraka, mara nyingi jodari ameangukia nje ya ukingo. Basi unageuza sarafu polepole chini ya taa hadi mkia wake ujitokeze, mstari mmoja tu na pacha ya mapezi, na hapo unaandika jina la mji bila wasiwasi. Syracuse, kule Sisilia, nao walikuwa na litra ya gramu 0.87 yenye pweza, mikono yake yote minane ikiwa imepangwa vizuri ndani ya duara. Mchonga muhuri ule namvulia kofia.

Wa kughushi nao wapo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 soko lilijaa sarafu za oboli mbili za miji ya Bahari Nyeusi, Mesembria na Apollonia, safi kupita kiasi, na wachunguzi wa sarafu za bandia wakazitangaza kuwa bandia. Iliyomiminwa kwenye kalibu naijua kwa vitundu vya hewa na kingo zilizolainika.

Mwisho wa sarafu hizi haukuwa na kishindo. Katika karne ya 4 KK mji mmoja baada ya mwingine ulihamishia chenji kwenye shaba, ambayo mtu aliweza kuishika bila kuipoteza.

Linaloniuma ni jinsi nyingi zilivyotufikia. Zile mashine zilizoirekebisha hoja ya Kraay zilishikwa pia na wachimbaji wa usiku. Sarafu iliyong'olewa hivyo imetenganishwa na sakafu ya duka ilipoangukia, na vyungu na mifupa ya samaki vilivyokuwa kando yake. Tazama Mtambwe Mkuu, Pemba, ambako mwaka 1984 wanaakiolojia walifukua sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa pwani yetu kama Ali bin al-Hasan. Kwa kuwa zilitolewa kwa utaratibu, zimetusaidia kujua lini watu wa mwambao walianza kupiga fedha yao wenyewe. Uturuki ina sheria ya mwaka 1983 inayozifanya mali kale kuwa za taifa, na Marekani imekuwa ikizuia sarafu za kale za Cyprus kuingia bila kibali tangu 2007. Mimi nazikubali sheria hizo. Nanunua zile tu ambazo zina karatasi: orodha ya mnada wa zamani, kadi ya mkusanyaji wa kabla ya 1970, stakabadhi yenye tarehe. Na muuzaji asiyeweza kunionyesha chochote, namrudishia sarafu yake, hata kama jodari anaonekana mzima tangu kichwa hadi mkia.